Yamini ya Tatu

Zuwena mwanangu,

Kesho ukishasali alfajiri unaondoka kwenda Ibra, na mama yako yuko jikoni anakufungia achari ya ndimu, mikate ya ufuta na halwa ya kutosha ofisi nzima ya waendesha mashtaka. Ya gesi, ya funguo, ya kwenda polepole kwenye kona, atakwambia yeye, na atakwambia mara tatu. Mimi hayo siyawezi. Nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilonitupia wakati wa chakula Ijumaa iliyopita, kisha ukaendelea kumenya chungwa lako.

"Baba, shaqqa tumepata. Vyumba viwili, karibu na ofisi. Nakaa mimi na Shamsa."

"Shamsa yupi?" nikakuuliza, ilhali nilishajua.

"Shamsa wa kule Samad, baba, yule tulisoma pamoja. Babu yake mzee Khalfan. Anasema sisi na wao jamaa."

Nikasema mchuzi umezidi chumvi. Mama yako akanuna, wewe ukacheka, mazungumzo yakaishia hapo. Mchuzi haukuwa na kasoro yoyote.

Naandika kwa Kiswahili ingawa najua utakwama. Ukikwama muulize mama yako maana ya neno, lakini barua usimpe. Hukumu zangu zote niliziandika kwa Kiarabu, na miaka yote ile ya kuandika hukumu imenifundisha kujificha ndani ya Kiarabu vizuri sana. Unaandika "mahkama imeona", unaandika "imethibitika", na mtu mwenyewe haonekani. Kwa Kiswahili sina pa kujificha. Ndiyo lugha niliyobembelezwa nayo na kuchapwa nayo, na mama yangu alikuwa akiujua uwongo wangu kabla sijamaliza sentensi.

Hapa Nizwa watu wanakwambia babaako alikuwa hakimu mkali lakini wa haki. Umelisikia hilo tangu skuli, na nadhani ndilo lililokupeleka kusomea sheria. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtu wa visasi aliyebahatika. Mara nyingi haki na kisasi changu vilikaa upande mmoja, na watu wakaiona haki peke yake.

Ile hukumu ya dirisha kule Sur, ambayo mawakili wanaitaja mpaka leo, unaijua. Bwana mmoja alipandisha ghorofa, akafungua dirisha linalotazama uwanja wa ndani wa jirani yake, mjane. Mjane akashitaki. Nilikuwa mgeni kazini, na siku ya kwanza yule bwana alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Hawakupata hakimu anayejua Kiarabu, wakatuletea huyu wa Zinjibar?" Basi nikaamua kwenda kuona mwenyewe. Nikamwomba mjane akae anapokaa siku zote kukanda unga, nikapanda juu kwenye lile dirisha, nikaona mpaka pete kidoleni mwake. Nikaamuru dirisha lizibwe, lifunguliwe juu ya kimo cha mtu. Hukumu safi, na leo ningeitoa vilevile. Lakini hakuna mwanafunzi anayesoma kwamba nilikwenda pale adhuhuri ya kiangazi, nikamsimamisha yule bwana juani juu ya dari lake mpaka nimalize kuandika niliyoyaona, na kwamba niliandika polepole makusudi. Jasho lilimtoka mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Nilikuwa na kalamu mbili, na nilijifanya ya kwanza imekwisha wino.

Na ile ya Manah, ya baba aliyemkatalia binti yake mchumba kwa kuwa mama wa kijana ni Mpemba. Kijana alikuwa daktari, ana dini, ana adabu. Baba mtu akasimama mbele yangu akasema, "Ya sheikh, hatuna neno naye, ila damu yake imechanganyika." Akaniambia mimi! Nikamwondolea uwalii wa ndoa papo hapo, binti akaozwa kwa amri ya mahkama, na rufaa ikatuunga mkono. Walinisifu kwamba nimewatetea wanawake. Mwanangu, yule binti sikuwa nikimwona hata usoni. Niliyekuwa nikimwona ni mzee mwingine, wa Manah hiyohiyo, aliyenirudisha mlangoni kwake na posa yangu mkononi kabla sijamjua mama yako, kwa maneno hayohayo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nakusimulia haya ujue kwamba nilipofika kwenye ile kesi ya tatu, mkono ulikuwa umeshazoea.

Babu yako Said aliondoka Samad kijana, akaenda Unguja, akafungua duka Mkunazini, akaoa, akatuzaa. Shamba la mitende aliloachiwa na baba yake, pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, aliviacha kwa binamu yake Khalfan, amana. Hawakuandikiana. Wakati ule binamu kumtaka binamu mwenziwe karatasi ilikuwa ni kumtukana. Na maji ya falaji unayajua: kila mtu na zamu yake, na asiye na zamu, shamba lake ni mchanga tu. Yalipotokea Unguja yaliyotokea, duka likapotea, tukaishi kwa dhiki, mpaka tukapata njia ya kuja huku. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Babu yako alikuja na sanduku moja na neno moja mdomoni: shamba.

Khalfan alitupokea kwa kahawa na tende. Babu yako alipokula tende mbili tatu akasema, "Hizi khalasi za shamba letu, nazijua." Khalfan akasema, "Shamba lenu lipi? Uliniuzia kabla hujasafiri." Babu yako akadhani ni mzaha. Akacheka. Khalfan hakucheka. Akasema, "Mmekula karafuu zenu huko, zilipokwisha mnataka na tende zetu."

Tukaenda kwa kadhi. Kadhi yule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki. Akamuuliza babu yako mashahidi. Mmoja alishakufa, wa pili yuko Kuwait anafanya kazi, hajulikani wapi. Kadhi akamwambia, "Una njia mbili. Subiri umtafute shahidi wako, nami nitakungojea. Au mtake Khalfan ale yamini. Lakini akishaapa, kesi imekwisha. Hata ukileta mashahidi mia, sitawasikiliza." Akamweleza mara mbili, na mara ya pili alizungumza polepole ili na mimi nifahamu.

Babu yako akatabasamu. Akaniambia kwa Kiswahili, "Muislamu gani ataweka mkono juu ya Msahafu aseme uwongo? Na aape. Shamba limesharudi, mwanangu."

Khalfan akaenda kutawadha, akarudi mikono inachuruzika maji, akaweka mkono wa kulia, akaapa. Hakugugumia. Watu waliokuwapo wakacheka, si kwa ubaya sana, walicheka namna mtu anavyomcheka mgeni aliyepanda gari isiyokuwa yake. Babu yako alibaki na lile tabasamu usoni, hajui aliweke wapi. Baada ya miezi shahidi akarudi kutoka Kuwait, akaja mwenyewe kwa kadhi, yuko tayari kusema kila kitu. Kadhi akasema, "Yamini imekwisha kuliwa," na nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Babu yako akawa bawabu wa skuli hapa Nizwa mpaka alipokufa. Kila nikitaja jina la Khalfan alikuwa akisema, "Tumwachie Mungu." Mimi sikumwachia. Nilimwomba Mungu hiyo kazi anipe mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini nilisomea sheria, nikakujibu kwamba napenda haki. Sikuwa nikipenda haki, Zuwena. Nilikuwa nakitaka kile kiti.

Kikaja. Mwaka wangu wa mwisho kazini, katika mahkama ile niliyomalizia, nikafunguliwa faili mezani na jina la mdai ni Khalfan wa Samad. Nilisoma jina, nikafunga mlango, nikamwambia karani nina simu muhimu. Nilikaa nikitazama ukuta nikicheka peke yangu.

Sheria inamkataza hakimu kusikiliza kesi ya jamaa yake mpaka daraja ya nne. Nilihesabu kwa vidole: binamu wa baba, daraja ya tano. Sheria inamkataza pia akiwa na uadui na mmoja wao, lakini uadui hauandikwi kwenye nasaba, na mimi sikumwambia mtu.

Alichodai sasa. Khalfan alipougua alimwazima jirani yake, mfanyabiashara mmoja mwenye ndevu nzuri na tasbihi ndefu, zamu yake ya maji ya falaji. Alipopona akaitaka. Mfanyabiashara akasema, "Uliniuzia." Naam, ni yaleyale maji, na ni maneno yaleyale. Nilipoyasoma maelezo ya madai nilihisi kwamba Mungu ananitania.

Siku ya kusikilizwa aliingia na fimbo, amekuwa mdogo, kanzu inamvaa badala ya yeye kuivaa. Nikamuuliza, "Una ushahidi kuwa ulimwazima, hukumuuzia?"

"Yupo, ya sheikh. Aliyekuwa wakili wa falaji, msimamizi wa zamu za maji, anajua kila kitu, tulizungumza mbele yake. Lakini wamempeleka Bara Hindi kutibiwa moyo. Inshallah atarudi."

Hapo, mwanangu, hakimu yeyote anayestahili mshahara wake husema neno moja: kesi imeahirishwa. Sikulisema. Nilisema, "Unayo haki ya kumtaka mdaiwa ale yamini." Ile sentensi ya pili, ambayo kadhi wa zamani alimweleza babu yako mara mbili, nilikuwa nayo mdomoni. Nikachukua gilasi ya maji nikaishushia.

Khalfan akanitazama kwa muda. Kisha akamgeukia mfanyabiashara, akamtazama na yeye, akasema, "Ale."

Mfanyabiashara akaapa, na tasbihi yake akaishika kwa mkono wa kushoto. Hukumu niliitoa siku ileile, kurasa mbili, haina hata koma ya kukosoa. Rufaa waliithibitisha. Nilirudi nyumbani nikala wali wa nazi sahani mbili, na wewe, uliyekuwa likizo, ukaniambia, "Baba leo furaha gani?" Nikakwambia nimemaliza kazi iliyokuwa imenichosha.

Wiki chache baadaye yule wakili wa falaji akarudi kutoka Bara Hindi, akaja ofisini kwangu peke yake, anajikokota. Akanieleza yote: aliwasikia, ilikuwa azima, wala si mauzo. Nikamwambia, "Yamini imekwisha kuliwa." Nilitumia maneno yaleyale ya kadhi, kwa sauti ileile, kwa sababu nilikuwa nimeyahifadhi tangu nina miaka kumi na saba. Macho sikuyafuta.

Usidhani nilihuzunika. Vitabu vinasema kisasi kikishapatikana mtu huona utupu. Mimi nililala vizuri. Kama barua hii inakufundisha kitu, kwanza ikufundishe hilo, kwamba unaweza kutenda ubaya na ukanenepa, na hapana kengele inayolia kifuani. Ukiwa unaingoja hiyo kengele ikujulishe umekosea, utangoja sana.

Kilichoniharibia ni Khalfan mwenyewe. Alinisubiri kwenye maegesho, amekaa chini ya kivuli cha gari yangu. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili chetu, alisema Kiarabu cha kwao.

"Nilikujua tangu ulipoingia. Wewe mtoto wa Said."

"Ulikuwa na haki ya kunikataa. Mbona hukunikataa?"

"Nikukatae kwa uso gani?"

Nikamwambia, "Basi kwa nini uliitaka yamini? Wewe, katika watu wote wa Oman, kwa nini uliiamini yamini?"

Akaunyanyua mkono wake wa kulia. "Kwa sababu ya huu. Tangu siku ile niliyoapa sijapata kuugusa Msahafu kwa mkono huu. Wanangu walinishikia, kisha wajukuu. Wanadhani ni ugonjwa wa mishipa. Nilisema, hakuna mtu anayeweza kuishi hivi kwa kutaka. Nilidhani yule bwana atafika pale aogope. Nilidhani kila mtu huogopa."

"Kama uliogopa hivyo, shamba mbona hukulirudisha?"

Akasema, "Niliona haya."

"Haya ikakushinda kuliko Moto?"

"Ndiyo."

Hilo nilimwamini. Na hapo ndipo hasira iliponipanda upya, hasira ya ajabu, kwa sababu nilielewa kwamba mtu huyu alikuwa anaadhibiwa tangu mimi kijana, kila siku, bila ya mimi, na kwamba maisha yangu yote nimekimbilia kumpiga mtu aliyekwisha kupigwa. Nikafungua mlango wa gari, nikaondoka, nikamwacha juani. Sikumuaga hata kwa fi amani llah.

Kisha likaja la pili. Shamba bila maji limekufa. Nilipita Samad mwaka jana nilipokwenda kwenye mazishi, nikaegesha, nikashuka. Mitende imesimama vichwa chini, makuti yamekauka mpaka kwenye shina. Ile khalasi aliyoitambua babu yako mdomoni imekwisha. Shamba ambalo baba yangu alilililia mpaka kufa, Khalfan aliliiba lakini alilimwagia maji, akalipunguza makuti, akalitia mbolea, akalitunza. Aliyeliua ni mimi, kwa kurasa mbili. Nililia pale, na nakwambia wazi kwa sababu mama yako hajui.

Na likaja la tatu, ambalo ndilo lililonitia moto kuliko yote mawili. Idi iliyopita, sokoni Nizwa, pale wanaponadi mbuzi, mtu akanikumbatia kwa nyuma. Mfanyabiashara. Mkono wake huohuo aliouapia akanitia begani, ananukia udi, akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye hakimu! Wallahi, huyu ni mtu wetu." Mtu wao. Nilitumikia kiti kile miaka yote sikupokea hata kikombe cha kahawa cha mtu mwenye kesi, na leo mwongo ananikumbatia kwa shukrani. Kwa sababu nilimtumikia kweli, tena bure. Nilitaka kumuumiza mwizi mmoja nikamlisha mwizi mwingine.

Sasa nakuja kwenye lako.

Mtoto wa Khalfan, baba yake Shamsa, amefungua malalamiko Ibra dhidi ya mfanyabiashara kwa kula yamini ya uwongo. Yule wakili wa falaji amekufa. Aliyebaki anayejua kwamba mzee yule alinijia, na alisema nini, ni mimi. Wameniomba nikatoe ushahidi. Wameniomba tu, hawawezi kunilazimisha, na nikikataa hakuna atakayenilaumu. Atakayeulizwa "babaako aliogopa nini" ni wewe, na atakayekuuliza ni mwenzio mnayekula naye sahani moja.

Shamsa anajua kila kitu. Nimelithibitisha hilo juzi alipokuja kuchukua maboksi. Ulikuwa juu unatafuta chaja yako, mimi nikamsaidia kubeba mpaka kwenye gari. Akaniamkia "Shikamoo ami", kwa lafudhi uliyomfundisha wewe, na nusura nicheke.

Nikamwambia, "Babu yako hajambo?"

"Hajambo, amechoka. Anakusalimia. Anasema ukija Ibra au usipokuja, yeye hana neno na wewe."

"Na wewe?"

Akapanga maboksi kwanza. "Mimi ninalo. Lakini Zuwena hana kosa, na sitamwambia kitu. Hiyo kazi yako, ami."

Zuwena, huyo msichana mshike. Huyo ana chuki safi, imeoshwa, imekunjwa, imewekwa mahali pake, na haimwagikii asiyehusika. Mimi katika umri wangu wote sikuiweza.

Ila salamu za babu yake zimeniuma. Hana neno na mimi! Nani kamruhusu asiwe na neno? Mimi ninalo bado. Sijamsamehe, na usije ukasoma barua hii ukadhani babaako amelainika kwa uzee. Nikikumbuka zile tende alizotulisha, tende zetu wenyewe, damu inanichemka mpaka sasa hivi kalamu inachimba karatasi. Kama unangoja niandike kwamba kusamehe kunampumzisha mtu, hilo wakuandikie wengine, mimi sijui.

Sikwambii na wewe usichukie. Wewe ni mwanangu, utachukia tu, nakuona unavyomnunia dada yako tangu Idi kwa ajili ya mtandio. Nakwambia ujue unamchukia nani kabla hujakaa kwenye kiti. Utafungua faili, na ndani yake kutakuwa na mtu ambaye anacheka namna alivyocheka mtu aliyekuumiza, au anatoka kijiji kilichokudharau, na utajikuta unaandika upesi, unaandika vizuri, na wote watasema umeandika haki. Siku unapoandika vizuri kupita kawaida yako, simama uende ukanywe chai. Jiulize unamwandikia nani. Na ukiona umeanza kuhesabu daraja za ujamaa kwa vidole, basi jibu umeshalijua, acha kuhesabu.

Na jingine: usiogope wakubwa wako kuliko unavyojiogopa mwenyewe ukiwa umefurahi. Mimi sikuwahi kuhongwa, sikuwahi kutishwa, na kila aliyejaribu nilimfukuza. Mlango ule niliulinda sana. Nilikuwa ndani na mwizi.

Nimewajibu leo mchana. Nitakwenda.

Sababu yangu si nzuri, na sitaki uipambe. Nakwenda kwanza kwa sababu nataka kumwona yule mwenye tasbihi anavyonitazama nitakapoingia, akidhani mtu wao amekuja kumsaidia. Nimekuwa nikilifikiria hilo siku nzima na limenifurahisha kuliko ninavyotakiwa kufurahi. Watanikalisha mahali ambapo sijapata kukaa, chini, nikitazama juu. Wataniletea Msahafu. Nimewaapisha watu maisha yangu yote, mwenyewe sijapata kuapa mbele ya mahkama hata siku moja. Kisha wakili wake, kama anaijua kazi yake, ataniuliza kwa nini kesi sikuiahirisha, na kama nilimweleza mdai kwamba baada ya yamini hapana ushahidi. Yeye ataniuliza ili anivunje, na hatajua anauliza nini.

Nitamjibu kwamba sikumweleza. Kwamba nilijua, na nilinyamaza makusudi, na kwamba mdai ni binamu wa baba yangu. Mfanyabiashara ataanguka, na mimi nitaanguka naye, na zile hukumu zangu mnazozisoma zitaanza kufunguliwa moja moja na watu wenye haki ya kuzitilia shaka. Lile dirisha, ile ndoa, zote. Jina unalokwenda nalo Ibra kesho, jina lililokurahisishia mambo mawili matatu hata kama hukuomba, halitakusaidia tena. Pengine litakuzuilia. Ndiyo maana nakuandikia leo kabla hujaondoka, ili uchague kuondoka ukiwa unajua.

Kuna na sababu ya mwisho, hii kidogo ni nzuri. Babu yako aliamini kwamba Muislamu hawezi kuweka mkono juu ya Msahafu akasema uwongo. Walimcheka kwa imani hiyo, na mimi, nakiri, kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa waliomcheka moyoni. Katika kesi za familia hii, kwa maji haya haya, watu wawili wameshaapa, na wote wawili wamemfanya mjinga. Sitaki mimi niwe wa tatu.

Siku yenyewe usije kukaa nyuma yangu. Kama utakuja, kaa na Shamsa.

Na faili hilo ofisi ni moja, wanaweza kulileta mezani kwako bila kujua. Likija, usilifungue. Lirudishe saa ileile, na pale panapotakiwa sababu andika kwa mkono wako: shahidi ni baba yangu, na aliyedhulumiwa ni jamaa yangu.

Nenda na amani ya Mungu, mwanangu. Nimekupenda kabla hujajua kusoma, na nakuomba unipende ukishamaliza kusoma.

Babaako